Mkono Mrefu: Historia Fupi ya Springi Chini ya Mlima Kenya

Kutus imekaa mahali udongo unapobadilika rangi. Panda kuelekea Kerugoya na Kianyaga, udongo ni mwekundu, kwanza wa kahawa, halafu wa majani chai. Mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Shuka kuelekea Kimbimbi na Ngurubani, udongo ni mweusi, wa mpunga wa Mwea. Ukilowa unashika gurudumu na kulivuta chini. Ukikauka unapasuka nyufa ambazo unaweza kuingiza kiatu. Gari likitoka Kutus alfajiri linaweza kuonja udongo wote huo kabla ya chai ya saa nne. Ndiyo maana ukitaka kujua historia ya springi Kenya, si lazima uanzie Nairobi. Anzia hapa, kwenye njia panda ya Kutus, uangalie chini ya magari yanayopita.

Siku hizi kijana akishanunua Jimny au Land Rover ya zamani, swali linalofuata ni la kuinua gari. Na akishasoma soma kidogo mtandaoni, anasikia habari za mikono mirefu: zile fito za chuma zinazounganisha ekseli na chesisi, zikirefushwa kupita zile za kiwandani. Ati ukiweka hizo, gari linapanda mawe kama mbuzi. Bei yake si mchezo. Kabla hujatoa pesa, inafaa kujua wazo hilo lilitoka wapi, nani alilihitaji, na kwa nini katika milima yetu limeishia kujenga ua wa stima badala ya kuvusha watu matope.

Tuanze na kitu kisicho na springi kabisa. Mkokoteni wa punda unaobeba mpunga kutoka shambani Mwea una ekseli iliyotoka kwenye gari lililokufa, una magurudumu ya gari hilo hilo, lakini springi hakuna. Mbao zimekaa moja kwa moja juu ya chuma. Kila shimo linafika kwenye gunia, na likitoka kwenye gunia linafika kwenye mgongo wa punda. Kwa mwendo wa punda, hilo linavumilika. Ongeza mwendo mara tatu na mkokoteni utavunjika katikati. Springi ni ushuru wa mwendo: ukitaka kukimbia, lazima uulipe.

Jibu la kwanza la wanadamu kwa ushuru huo lilikuwa bamba la chuma. Mwaka 1804, Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine kwa ajili ya magari ya farasi. Karne moja na nusu baadaye, Land Rover ya kwanza ilipotoka kiwandani mwaka 1948, ilikuwa bado imekalia wazo hilo hilo. Na si wazo baya. Springi ya mabamba inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inabeba uzito, na inashikilia ekseli isikimbie mbele wala nyuma. Haihitaji mkono wowote. Bamba likivunjika Kerugoya, fundi analitoa, anachomeka jingine, mnaendelea. Na lile lililovunjika halitupwi. Chuma cha springi ni kigumu na kinashika makali, kwa hivyo wahunzi wa jua kali hukifua kuwa panga, kisu au patasi. Pengine panga lililo nyuma ya mlango wenu liliwahi kubeba mizigo.

Lakini Land Rover haikufika mlimani kama gari la mandari. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kwa watu wengi wa Kirinyaga, Nyeri na Embu, sauti ya gari hilo ilikuwa sauti ya askari. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikawaweka katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Mashamba ya mpunga ya Mwea yenyewe yalianza katikati ya miaka hiyo ya 1950, na mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau. Pale msitu wa mlima unapokutana na mashamba, wanakijiji walilazimishwa kuchimba mtaro mpana wa makumi ya kilomita, ukatiwa miti iliyochongwa na waya wa miiba, ili wapiganaji walio msituni wasishuke kuchukua chakula na walio chini wasipande kuwapelekea.

Weka mtaro huo akilini. Tutaurudia.

Baada ya uhuru, gari la mwananchi halikuwa Land Rover. Lilikuwa Peugeot. Na hapa ndipo springi ya mzingo inapoingia kwenye hadithi. Peugeot 504 ya mwili mrefu, ile iliyobeba abiria na mizigo kati ya miji ya mlimani na Nairobi, haikutumia mabamba nyuma. Ilikuwa na ekseli nzima iliyokalia springi nne za mzingo, mbili kila upande. Iliinama ikipakiwa viazi, ikainuka ikishushwa, na katikati ya hayo ilimpa abiria usafiri ambao gari la mabamba halingeweza kumpa.

Sifa hiyo haikutoka kwa matangazo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wakati huo barabara zake zilikuwa barabara zile zile za kila mtu: vumbi, mashimo, na matope ya mvua za Pasaka. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968, tena 7. Mara zote mbili la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Katikati ya hapo, mwaka 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejua spana kabla ya kujua vikombe, alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa tayari imetumiwa na wengine. Halafu akarudi kushinda mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Somo ambalo fundi yeyote wa kando ya barabara alilipata ni hili: gari gumu silo lililo juu zaidi. Gumu ni lile ambalo magurudumu yake yanabaki yamegusa ardhi.

Sasa tufike kwenye mkono.

Springi ya mzingo ina kasoro moja kubwa. Inajua kwenda juu na chini, basi. Haiwezi kuzuia ekseli isisukumwe nyuma ikigonga jiwe, wala isijizungushe ukifunga breki. Kwa hivyo lazima pawe na fito za kuishika, na hizo fito ndizo mikono. Range Rover ilipotoka mwaka 1970, timu ya mhandisi Spen King ilifanya jambo ambalo wengi waliliona la ajabu kwa gari la mashambani: ekseli nzima mbele na nyuma, lakini juu ya springi ndefu laini za mzingo. Mbele, mikono miwili ilitoka kwenye ekseli kurudi nyuma hadi chesisi, na fito moja ya kulala ikazuia ekseli isiteleze kando. Nyuma, mikono miwili chini na kiungo chenye umbo la herufi A juu. Gurudumu moja liliweza kupanda jiwe huku jingine limeshuka shimoni, na yote mawili yakawa bado yanasukuma. Land Rover yenyewe ilifuata mwaka 1983 kwa modeli ya 110, ile ambayo baadaye ilipewa jina la Defender. Suzuki Jimny ya mwaka 1998 nayo ilikuja na springi za mzingo na mikono mbele na nyuma.

Mikono ya kiwandani imepimwa kwa urefu wa kiwandani. Ukiinua gari kwa springi ndefu, chesisi inapanda, ekseli inabaki chini, na mkono uliokuwa umelala unainama. Hapo ndipo hesabu inaanza.

Chukua mkono wa sentimita 40 uliolala sawa. Shusha ekseli sentimita 20. Mkono sasa umeinama digrii 30, na ekseli imevutwa kuelekea chesisi zaidi ya sentimita 5. Sasa chukua mkono wa sentimita 80, uushushe zile zile 20. Umeinama digrii 14 na nusu hivi, na ekseli imevutwa sentimita 2 na nusu tu. Gurudumu linashuka karibu wima, haliparuzi bodi, na propela haivutwi ovyo. Hiyo ndiyo siri yote ya mkono mrefu. Si uchawi, ni duara kubwa badala ya duara dogo.

Kuna faida ya pili ambayo wauzaji huieleza vibaya. Fikiria mtoto wa Mwea akiruka mfereji kwa fito. Fito inapoelekea kusimama, yeye anainuliwa. Mkono mfupi ulioinama sana hufanya vivyo hivyo: gurudumu likigonga jiwe, ile nguvu inapita kwenye mkono na kuisukuma chesisi juu, badala ya kuliacha gurudumu lipande peke yake. Abiria anasikia teke. Mkono uliolala zaidi unaiacha springi ifanye kazi iliyonunuliwa kufanya.

Basi nani nchini alihitaji haya yote? Si mwenye kupeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia. Huyo alihitaji gari la kubeba na lisilokwama. Waliohitaji mikono mirefu kikweli ni watu wa mchezo mmoja.

Mwaka 1988, Ken Kuhle alianzisha shirika la Rhino Ark ili kutafuta pesa za kuzungushia ua msitu wa Nyandarua, ambako vifaru weusi walikuwa wakiuawa na wawindaji haramu. Mwaka uliofuata, 1989, yeye na wenzake Rob Combes na Brian Haworth wakaanzisha mashindano ya Rhino Charge. Kanuni ni rahisi na ni katili. Unapewa vituo 13 na muda wa saa 10. Anayeshinda si mwenye mbio, bali aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Yaani mstari ulionyooka, hata kama mstari huo unapita juu ya kilima, ndani ya korongo au katikati ya mawe makubwa kuliko gari. Barabara hazina maana. Kila mita unayozunguka ni hasara.

Kwa kanuni kama hiyo, gari la kiwandani lilianza kuonekana fupi kila mahali. Mafundi wakaanza kukata. Chesisi zilikatwa, bodi zikapunguzwa, mikono ikarefushwa, shokamzoba ndefu zikatafutwa. Mwaka baada ya mwaka, jiwe lililowashinda mwaka jana likawa mwalimu wa gereji mwaka huu. Majina yanayobaki kwenye vikombe ni ya madereva. Mikono iliyochomelea mikono hiyo, hiyo haiandikwi popote, ingawa gari likitenguka katikati ya korongo kila mtu anakumbuka ghafla kuuliza nani aliyechomelea.

Na pesa? Kila timu lazima ichangishe, na mchango unaenda kwenye ua. Ua wa Nyandarua ulikamilika mwaka 2009, karibu kilomita 400 za waya wenye stima. Mwaka 2012 kazi ikahamia Mlima Kenya, na upande wa Kirinyaga ulikuwa kati ya sehemu za mwanzo. Kwa mkulima anayepakana na msitu, hilo si jambo dogo. Ndovu mmoja usiku mmoja anamaliza migomba na mahindi ya msimu mzima, na hakuna anayethubutu kutoka nje kumfukuza. Mtoto anayetembea alfajiri kwenda shule kando ya msitu anajua tofauti ya ua uliosimama na ua ulioanguka.

Sasa rudi kwenye ule mtaro. Ukingo ni ule ule: msitu juu, shamba chini. Miaka ya 1950 watu walilazimishwa kuchimba, bila malipo, ili watoto na ndugu zao walio msituni wafe njaa. Miaka sitini baadaye ukingo huo ulizibwa tena, safari hii kwa nguzo na waya, na wakulima wengi waliushangilia kwa sababu ulilinda jasho lao. Lakini si kila swali lilikwisha. Msitu huu uliwalisha watu kwa kuni, malisho na dawa kabla haujawa hifadhi. Ua wenye geti unauliza nani ana ufunguo. Wenye magari ya mikono mirefu wanastahili shukrani kwa kilomita walizolipia, na wakati huo huo ni haki kukumbuka kwamba ukingo wa msitu huu kwa muda mrefu umeamuliwa na watu waliofika kwa fobaifo.

Haya, na wewe mwenye Jimny? Barabara yako ya kwanza huenda ikawa Grogan. Kwenye ramani inaitwa Kirinyaga Road, jina la mlima wetu, lakini waulize wauza spea wote wa Nairobi, watakwambia Grogan. Jina hilo la zamani ni la Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo iliyokwisha mwaka 1900, na ambaye mwaka 1907 aliwacharaza viboko hadharani wanaume Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi. Kibao kilibadilishwa, midomo haikubadilika. Ukienda kununua springi huko, angalau ujue unatembea juu ya nini.

Halafu mazungumzo yataenda hivi.

"Fundi, nataka gari iinuke."

"Iinuke ifanye nini, boss?"

Fundi anayeuliza hivyo, mshike. Anayesema "leta tu pesa," mkimbie. Maana jibu la swali hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Kama unataka sentimita 5 tu za kupita matope ya Kimbimbi na mawe ya njia ya kwa shosho, huhitaji mikono mirefu. Springi nzuri, shokamzoba za urefu unaolingana, bushi mpya na matairi yanayofaa udongo wako yatakufikisha. Kwa kimo hicho mkono wa kiwandani haujainama kiasi cha kukuudhi. Kama ni Prado ya kuanzia mwaka 1996, jua pia kwamba mbele hakuna ekseli nzima ya kushikwa kwa mikono ya aina hii, kwa hivyo anayekuuzia seti ya mbele na nyuma kana kwamba ni Land Rover anakuuzia hadithi. Na gari lenye mabamba pande zote halina mikono ya kurefusha. Huko ni kujenga upya kabisa.

Kama unataka kupanda sentimita 10 na zaidi na kuingia kwenye mawe kweli kweli, hapo uliza maswali kwa mpangilio. Gari likishainuka na kusimama tu, mikono itainama digrii ngapi? Kama inabaki imeinama sana, umelipia urefu bure. Inashikia wapi kwenye chesisi? Mkono mrefu unahitaji kishikio kilicho nyuma zaidi, na kishikio kikining'inia chini ya tumbo la gari ndicho kitakachogonga jiwe la kwanza. Kinafungwa kwa bolti au kinachomelewa? Kikichomelewa, nani anachomelea, na je, chesisi yako ina kutu? Viungo ni vya mpira au vya chuma? Mpira unanyamaza na unachoka, chuma kinapiga kelele na kinapinda vizuri zaidi. Kikifa, je, utakipata Grogan au utasubiri meli? Mabomba ya breki yanafika? Propela je? Na nini kitaizuia ekseli isipande mpaka ikapiga bodi?

Halafu kuna swali ambalo watu hulisahau mpaka wafike kona za kutoka Sagana kwenda Karatina. Gari lililo juu, lenye springi laini na mikono inayojipinda kila upande, linayumba kwenye lami. Lile jambo linalokusaidia korongoni linakutisha kwenye kona ukiwa unakimbia. Washindani wa Rhino Charge wengi hubeba magari yao kwa lori hadi uwanjani. Wewe utaliendesha Jumatatu kwenda kazini. Na kabla ya mtu kuwasha mashine ya kuchomelea, uliza watu wa bima yako watasema nini, na gari litapitaje ukaguzi likiwa limekatwa.

Maoni yangu, kwa anayeyataka: nunua mwisho, jifunze kwanza. Endesha gari lako lilivyo kwa msimu mmoja wa mvua, juu kwenye wekundu na chini kwenye weusi. Andika ni wapi lilikwama na kwa nini. Kama ni tairi, badilisha tairi. Kama ni dereva, badilisha dereva. Kama kweli gurudumu linaning'inia hewani huku mengine yanazunguka bure, na mahali hapo utaparudia tena na tena, hapo mkono mrefu umepata kazi. Tafuta fundi anayepima kabla ya kukata, umlipe inavyostahili, na umwombe aandike jina lake kwenye risiti.